Mama wa Tuta

Mtaa wetu wa Magongo una tuta ambalo halikuwekwa na serikali. Wakazi walilijenga wenyewe kwa saruji na kokoto, wakalipandisha kuliko inavyohitajika, na tangu hapo hakuna gari linalolivuka bila dereva kukanyaga breki hadi mwisho. Nyumba ya Mama ilikuwa hatua chache kabla ya tuta hilo, ukielekea barabara kuu. Magari yalimpita yeye kwanza, akiwa barazani, kisha yakafika tutani na kupunguza mwendo. Kwa hivyo alichokiona kila siku, mwaka baada ya mwaka, ni migongo ya magari na taa zake za breki. Au giza, pale ambapo taa ilipaswa kuwaka.

Jina lake nalijua. Sitaliandika, maana hata yeye alikuwa amekwisha kulizoea lile tulilompa: Mama wa Tuta.

Kazi yake ilikuwa kushona kofia, zile za kutoboa na kudarizi kwa sindano, ambazo moja humla mtu miezi. Alikaa mkekani, mgongo ukutani, kitambaa cheupe mapajani. Gari likipita, mkono ulisimama, kichwa kikainuka, kikangoja. Taa zikiwaka, sindano iliendelea. Zisipowaka, sauti yake ilisikika mpaka msikitini.

"We wa gari jeupe! Kulia huna!"

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Kibanda changu cha mabati kiko upande uleule wa barabara, nyuma kidogo ya nyumba yake. Mtaani walitutania kwamba tuna ubia, yeye awatishe wateja na mimi niwapokee. Wangejua! Kila gari nililolitengeneza, likitoka kwangu kwenda barabara kuu, lazima limpite yeye kisha lifike tutani. Nilikuwa na mkaguzi asiye na likizo. Kuna asubuhi nilifunga taa ya mteja, nikapangusa mikono, nikamwambia mteja aende salama, na kabla sijaketi nikasikia: "Fundi! Huyu mgeni wako atoka na chongo!" Chongo lilikuwa jina lake la gari lenye taa moja ya breki. Lisilo na hata moja aliliita maiti. Na lile ambalo taa zake zinawaka wakati wote, hata dereva hajagusa pedeli, alisema ni mtoto aliaye kabla ya kupigwa.

Madereva wengi walimtukana siku ya kwanza. Siku ya pili walisimama. Nakumbuka bwana mmoja mnene, tai shingoni, aliyeteremsha kioo na kumuuliza kwa dharau, "Mama, wewe umekuwa trafiki?"

"Trafiki ataka leseni," alimjibu bila kuinuka. "Mimi nataka ufike."

Yule bwana alirudi nyuma polepole mpaka kwenye kibanda changu. Glopu ilikuwa imeungua. Sikuchukua hata robo saa.

Watu walikuwa na hadithi zao juu yake. Wapo waliosema alifiwa na mume barabarani. Wapo waliosema ni mtoto, tena wakataja na lori lenyewe. Mimi nami nilizisadiki hizo hadithi, mpaka siku nilipojipa moyo nikamuuliza. Alinitazama kama aliyenikuta nachungulia dirishani.

"Kwani lazima niwe nimefiwa ndipo nimwambie mtu taa yake haiwaki?"

"Sivyo, Mama, ila watu wanasema..."

"Ukimwona mtu atoka chooni, leso imemnasa nyuma, wamwacha ende sokoni hivyo? Nyani haoni kundule, Fundi, na dereva haoni taa zake. Basi. Hakuna kisa."

Ilinichukua muda kumwamini. Nilitaka awe na kidonda, kwa sababu mtu mwenye kidonda ni rahisi kumsamehe makelele. Huyu hakuwa na kidonda. Alikuwa na macho, na hakuona sababu ya kuyatumia nusu.

Elimu ya magari aliipata kwangu, kwa nguvu. Ilikuwa masika, mvua imemfukuza barazani, akaja kibandani kwangu na mbuzi yake ya kukunia nazi kwapani. Akaikunjua, akaketi, akawa anakuna nazi huku akinihoji, na machicha yakirukia nyaya zangu.

"Ikiwa moja haiwaki na ya pili yawaka?"

"Hiyo ni glopu, Mama. Imeungua, au pale inapokaa pameshika kutu. Hewa ya chumvi hii."

"Na zikiwa zote mbili?"

"Hapo sianzii nyuma kabisa. Naanza na fyuzi, kisha swichi iliyo juu ya pedeli ya breki. Kuna kijimpira pale, kikimeguka, swichi haijui kama umekanyaga au hukukanyaga."

"Taa iko nyuma, wewe waanzia mbele?"

"Glopu mbili haziungui siku moja, Mama."

Alikuna nazi kidogo akifikiri. "Kweli. Ndugu wawili wakifa siku moja, wauliza kwanza walikula nini."

Nimefundishwa kazi hii na watu wawili na nimeifanya miaka ishirini na kitu, na sijasikia mtu akiieleza vizuri hivyo. Nilimwongezea na la waya wa ardhi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari ili umeme upate njia ya kurudi. Ukishika kutu, dereva akikanyaga breki, taa ya kukata kona inakonyeza, au zote zinafifia kama zina homa. Magari ya Likoni yana ugonjwa huo sana, yanamwagiwa maji ya bahari kila yakipanda na kushuka feri. Baada ya siku hiyo hakusema tena "haiwaki" tu. Alimwambia dereva, "Zote huna, mwambie Fundi aanzie mguuni," na mteja akafika kwangu na ugonjwa umekwisha kupimwa. Mara nyingi alipatia. Alipokosea hakukiri.

Kusifu hakujua. Ukimtengenezea gari la mpwawe vizuri, alisema "Haya." Ukilitengeneza vibaya, alikuwa na hotuba. Na alikuwa mtu wa kinyongo. Kulikuwa na jirani, mwenye nyumba ya tatu, ambaye hakusema naye miaka minne kwa sababu ya paka. Sikuelewa vizuri huyo paka alifanya nini, au alifanywa nini. Lakini taa ya jirani huyo ilipozimika, Mama hakuweza kuvumilia. Akaniita mimi, na huku jirani yuko pale pale ndani ya gari lake, kioo wazi, akaniambia kwa sauti, "Fundi, mwambie yule nisiyesema naye, kushoto hana." Mimi nikageuka nikamwambia. Jirani akasema, "Mwambie yule nisiyesema naye, nimesikia, ahsante." Nikageuka tena. Nilijiona mpumbavu, lakini taa ilipona siku hiyo hiyo.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuyapenda magari. Kupanda tuktuk kulikuwa shughuli. Hakuingia mpaka dereva akanyage breki, yeye azunguke nyuma atazame kwanza, hata kama mvua inanyesha na abiria wengine wamo ndani wanasonya. Tuktuk za stejini zilimjua, zikimwona tu zilikanyaga breki bila kuambiwa. Na huyo huyo, taa ya baraza lake ilikufa tangu sijui lini na hakuibadilisha. Nilimletea glopu mpya mara mbili. Zote alizigawa. "Nyumba haigongwi nyuma," alisema.

Mpaka hapa nimemchora kama mtu wa kuchekesha, na kweli alichekesha. Lakini sababu ya mimi kuandika haya ni gari la watoto.

Lilikuwa gari la manjano la chekechea, kuukuu, likiendeshwa na mzee mstaafu, mpole, wa kuvaa kofia hata ndani ya gari. Lilipita asubuhi likiwa limejaa. Mtaa wetu, ingawa ni mwembamba, malori ya makontena huutumia kukwepa foleni, na asubuhi ndiyo saa yao. Kwa hivyo kulikuwa na watoto mbele, na lori nyuma, na katikati hakuna kitu cha kumwambia dereva wa lori kwamba gari lililo mbele yake linasimama, isipokuwa taa mbili nyekundu. Asubuhi moja Mama akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kabla.

"Fundi! Gari la watoto ni maiti!"

Mzee aliwafikisha watoto, akaniletea gari saa nne. Nikakagua fyuzi: nzima. Swichi: nzima. Nikamwambia akanyage. Zikawaka zote mbili, nyekundu safi. Nikabadilisha fyuzi kwa usalama tu, nikamwachia.

Kesho yake asubuhi, kelele ile ile. Saa nne, taa zinawaka. Nikafungua glopu, nikasugua soketi, nikakaza waya wa ardhi. Zinawaka. Nikaenda barazani nikamwambia, kwa heshima lakini kwa meno, "Mama, zinawaka. Nimeona kwa macho yangu."

"Na mimi nimeona kwa yangu."

"Labda jua lilikupiga."

Alirudi kwenye kofia yake, na huko kunyamaza kwake kuliniuma kuliko hotuba.

Siku ya tatu alipiga kelele tena, na hapa nitasema ukweli. Mzee alipoleta gari, sikufungua kitu. Nilikuwa nimekasirika. Nilisimama nyuma nikasema kanyaga, zikawaka, nikampungia mkono aende. Sikushika bisibisi. Nilimwambia gari ni zima.

Asubuhi iliyofuata gari la manjano lilifika tutani na lori la kontena nyuma yake. Lile gari likafunga breki. Nyuma yake hapakuwaka kitu, safari hii na mimi niliona, nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kibanda na kikombe cha chai. Lori likaendelea kuja. Kisha honi, na magurudumu yakilia, na harufu ya mpira ulioungua. Lilisimama. Kati ya bampa lake na kioo cha nyuma ambacho watoto walikuwa wamekibandika nyuso zao, ningeweza kupitisha mkono, lakini si mwili wangu. Watoto walilia wote kwa pamoja. Dereva wa lori aliteremka akakaa chini barabarani, akashika kichwa.

Mama alikuja kwangu miguu mitupu. Sindano ilikuwa bado mkononi, na uzi unaburura.

"Kumi na wanne," akasema. "Niliwahesabu wapitapo. Kumi na wanne, Fundi."

Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Badala yake alisimama anatazama gari, midomo inatikisika kama anayepiga hesabu.

"Asubuhi yaja na watoto, haiwaki. Kwako yafika saa nne haina mtu, yawaka. Sivyo?"

"Ndivyo, Mama."

"Basi gari uipimayo wewe siyo ipitayo kwangu. Yangu ina watoto."

Saa nne mzee alirudi na gari tupu, uso umemshuka. Mama hakuningoja. Alikwenda nyumba kwa nyumba akarudi na wanawake saba: muuza viazi karai na mwiko wake, mama wa duka la mkaa, wawili waliokuwa wanasukana nywele, na wengine waliokuja kutazama tu. Yule jirani wa paka naye alitaka kuingia, akatazamwa, akarudi nyuma.

"Ingieni. Kaeni nyuma, kiti cha mwisho kwanza."

"Tunaenda wapi?" akauliza muuza viazi.

"Hamwendi. Kaeni tu."

"Kumbe tunapimwa kama magunia!"

"Wewe hasa. Watoto watatu ni wewe mmoja. Kaa."

Wakaketi wanacheka, gari likazama kwa nyuma. Nikasimama na Mama barabarani. Nikamwambia mzee akanyage. Hapakuwaka kitu. Nikamwambia tena. Giza tupu. Kicheko kikaisha ndani ya gari, kwa sababu waliona uso wangu.

"Wa nyuma mshuke," akasema Mama. Wakashuka. Mzee akakanyaga, taa zikawaka.

Nililala kifudifudi kwenye sakafu ya lile gari na kurunzi mdomoni. Waya wa taa za breki ulipita chini ya kiti cha mwisho, na mtu alikuwa ameufunga kwenye chuma cha kiti ili usining'inie, kazi safi, umenyooka kama uzi wa kofia. Umenyooka mno. Kiti kikikaliwa, chuma kilishuka kidogo, kikauvuta, na kiungo, kilichokuwa kimelegea kwa kuvutwa kila siku, kikaachana ndani ya tepu. Wakishuka, kikarudi kugusana. Nikaivuta ile tepu nyeusi niifungue. Mwisho wake ulikuwa umerudishwa nyuma mara mbili na kukunjwa pembe. Hakuna fundi mwingine ninayemjua hapa Changamwe anayemaliza tepu hivyo. Panya walikuwa wamekula nyaya za gari hilo miaka miwili nyuma, na mimi ndiye niliyeziweka upya. Nilikata waya kwa kipimo, nikajisifu kwa kutopoteza hata shibri moja. Nilipima gari likiwa tupu.

"Ni kazi ya nani hiyo?" akauliza mzee kutoka mbele.

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa chini ya kiti, hakuna aliyeniona uso.

"Ni yangu," nikasema.

Ikaja sauti ya Mama, karibu na mlango, ya kawaida kabisa. "Haya. Kata, weka waya mrefu. Na nyinyi rudini mkae, hatoki humo mpaka ziwake mkiwamo."

Walikaa saa nzima kwenye joto lile, wanawake saba, viazi vimepoa, nywele za mmoja zimesukwa nusu. Zilipowaka gari likiwa limejaa, Mama alimwamuru mzee alizungushe mtaa na abiria wake wote mpaka apite tutani, na yeye akaenda kukaa mahali pake, mgongo ukutani, kuliangalia likipita. Nilimtazama yeye, sikutazama gari. Kichwa kikainuka, kikangoja, na sindano ikaendelea. Nililia, na sioni haya kusema. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia kwa ajili ya kitu ambacho hakikutokea.

Tangu siku hiyo nina magunia ya mchanga kibandani na sipimi gari tupu.

Macho yake yalianza kwenda bila yeye kumwambia mtu. Mimi niligundua siku aliporudisha gari ambalo taa zake zilikuwa zinawaka. Nikadhani ni kama lile la watoto, nikalijaza mchanga, nikalikagua mchana kutwa. Lilikuwa zima. Jioni nikapita barazani nikatazama kofia mapajani mwake, nikaona mishono imepanda na kushuka, mishono ambayo zamani ungeiwekea rula. Nilianza kufanya hila. Gari likipita na taa zinawaka, nilijifanya namsifu dereva: "Zote mbili, safi!" Likiwa na chongo: "Ah, kulia pale!" Naye akidaka na kupiga kelele kama aliyeona mwenyewe. Tulikwenda hivyo miezi. Siku moja akaniambia, bila kugeuza kichwa, "Fundi, siku hizi umekuwa na maneno." Lakini hakuniambia niache.

Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Bintiye akaja akamchukua akakae naye Junda, huko Kisauni. Baraza likabaki na mkeka, kisha hata mkeka ukaondolewa.

Sikumtembelea upesi. Kutoka Magongo hadi Junda ni kuvuka kisiwa kizima, na mtu akitaka kisingizio hukipata. Nilikwenda Jumapili moja, nimetoka kanisani, viatu vya ngozi miguuni. Nilimkuta sebuleni, mikono imelala mapajani haina kitu. Sikuwahi kuiona mikono ile ikiwa mitupu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi." Hakusita hata kidogo kwa sauti yangu. "Umechelewa. Gari la watoto lipo?"

"Lipo, Mama. Nalikagua kila Ijumaa. Linawaka likiwa limejaa."

"Na mengine?"

"Mengine yapo."

"Nani awapigia kelele siku hizi?"

Nilitazama viatu vyangu. Kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Tangu aondoke, nilikuwa nayaona. Machongo, maiti, yote. Miaka ile yote alikuwa amenifundisha kuinua kichwa gari likipita, na sasa sikuweza kujizuia kuinua. Lakini mdomo sikuufungua. Niliyaacha yakavuka tuta, yakaingia barabara kuu na malori.

"Hakuna, Mama."

"Wewe je?"

"Mimi ni fundi, Mama. Gari huletwa kwangu. Mtu mzima kusimama barabarani kupigia watu makelele, wataniona..."

Sikumaliza. Alikuwa amenyoosha mkono.

"Njoo unishike. Nipeleke njiani."

Bintiye alilalamika kuhusu jua. Mama alikuwa amekwisha kusimama. Nilimwongoza mpaka nje, tukakaa kwenye tofali kando ya barabara, mahali palipokuwa na shimo kubwa ambalo kila gari lililazimika kufunga breki kabla ya kulizunguka. Akakaa wima, mkono wake umeshika wangu.

"Nambia."

Gari dogo likapita. "Zinawaka, Mama. Mbili." Tuktuk. "Inawaka." Likapita lingine. "Mbili." Nilijiona kama mtoto anayesoma alifu kwa ijiti mbele ya mwalimu, lakini yeye aliitikia kila moja kwa kichwa, na uso wake ukawa kama zamani, akiwa barazani kwake.

Kisha ikaja pikapu. Nyuma walikuwa wamesimama wanawake wanaokwenda harusini, leso za sare, wanapiga vigelegele na kupungia kila mtu. Ikafika shimoni, ikakaribia kusimama kabisa, wale wanawake wakashikana wasianguke. Niliitazama mpaka ikazunguka shimo na kushika njia.

"Mbona kimya?" akauliza Mama.

"Hana, Mama. Zote mbili hana."

"Ina watu?"

"Imejaa."

Aliuachilia mkono wangu.

"Sasa wakaa hapa na mimi wafanyani?"

Niliinuka. Pikapu ilikuwa imekwisha kushika kasi na mimi si kijana, na viatu vile vya kanisani havikutengenezwa kwa mbio. Watu wa Junda waligeuka kumtazama mzee wa shati jeupe anayekimbia nyuma ya harusi isiyo yake. Wanawake waliniona, wakadhani nawashangilia, wakanipungia mikono. Na nyuma yangu, kwenye tofali, nikaisikia sauti ile iliyokuwa ikifika msikitini.

"Piga kelele, Fundi! Hakusikii!"

Nikapiga kelele.